MAWE WACHUKUE WAO, MASHIMO TUBAKI NAYO SISI?



Kila siku malori yanapita barabarani yamejaa mawe, kokoto na saruji, na kila anayeyaona husema nchi inajengwa. Ni kweli, inajengwa. Lakini leo sisi hatuulizi malori hayo yanakwenda wapi. Tunauliza yametoka wapi, nani ameyajaza, na huko yalikotoka kumebaki nini.

Jiwe tunalolisema ni jiwe la chokaa. Bila jiwe hili hakuna saruji, maana saruji ni jiwe la chokaa lililosagwa, likachanganywa na udongo wa mfinyanzi, likachomwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi, kisha likasagwa tena. Bila jiwe hili hakuna chokaa ya kupaka kuta. Hata viwanda vya sukari husafishia chokaa maji ya miwa. Basi mtu anayekunywa chai katika nyumba ya saruji anakula jasho la mchimba mawe mara mbili, naye hajui hata jina lake.

Wala jiwe hili si geni kwetu. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa katika karne ya 14, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na kuta zake zimewazika Wareno, Wajerumani na Waingereza. Mkoloni alipokuja akasema hatujui kujenga, alikuwa akisimama juu ya kazi ya mikono ya babu zetu. Lakini alipoondoka mwaka 1961, hakutuachia Tanganyika kiwanda hata kimoja kinachotoa saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likaitaja saruji waziwazi miongoni mwa njia kuu za uchumi ambazo wananchi lazima wazishike. Tanga ikafuata mwaka 1980. Katika miaka ya 1990 viwanda vikauzwa kwa makampuni ya nje, na mwaka 2015 Mtwara ikapata kiwanda kikubwa cha mwenye mali kutoka Nigeria. Mwaka 2017 Bunge likatunga sheria inayosema kwamba mali asili ya nchi hii ni ya wananchi.

Vizuri sana. Jiwe ni letu kwa sheria. Sasa tunataka kujua: na ukuta unaomwangukia mchimbaji ni wa nani? Na shimo linalobaki ni la nani?

UKUTA HAUANGUKI BURE

Kila mara machimbo yanapobomoka na kufukia watu, yanasemwa maneno yale yale. Wanasema: ni ajali, ni kazi ya Mungu. Sisi tunamcha Mungu, na kwa sababu tunamcha hatukubali asingiziwe. Ukuta wa machimbo hauanguki bure. Una sababu zake, na sababu hizo zinajulikana kama vile mkulima anavyojua kwa nini mbegu iliyopandwa juu ya mwamba haioti.

Tazameni mchimbaji mdogo, mwenye mtaimbo, nyundo na sururu. Juu ya jiwe kuna udongo na moramu, pengine kimo cha mtu, pengine zaidi. Jiwe safi liko chini. Kazi ya haki ni kuanza juu: kuondoa udongo wote, kuusogeza mbali na ukingo, kisha kushuka kwa ngazi, kipande kwa kipande, kila ngazi na nafasi ya kusimama. Lakini mwenye lori hanunui udongo. Ananunua jiwe. Mchimbaji akifanya kazi siku tatu kuondoa udongo, kwa siku tatu hizo hapati hata senti moja, na watoto wake hula kila siku. Basi anafanya nini? Anaanzia chini. Anachimba tumbo la ukuta, anatoa jiwe, na huku juu anaacha paa la udongo na mawe yasiyoshikwa na kitu.

Paa hilo hukaa wiki, hukaa mwezi. Mchimbaji analizoea, kama mtu anavyomzoea mbwa mkali wa jirani. Kisha inakuja mvua ya masika. Jiwe la chokaa si chuma, maji hulila. Aliyewahi kuingia katika mapango ya Amboni kule Tanga ameona kwa macho yake kazi ambayo maji yanaweza kufanya ndani ya jiwe hili. Basi ndani ya ukuta wa machimbo mna nyufa, mna matundu, mna mifuko ya udongo mwekundu isiyoonekana kwa nje. Mvua inaingia ndani ya nyufa, udongo unalewa maji na kuwa mzito, na lile paa lisilo na nguzo linashuka. Halitoi taarifa.

Je, huyo amekufa kwa ujinga? Hapana. Wachimbaji wanajua kuliko mabwana wengi wa ofisini kwamba kuchimba chini ya ukuta ni hatari. Amekufa kwa sababu usalama machimboni ni kazi, na kazi isiyolipwa haifanywi na mtu mwenye njaa. Kuondoa udongo wa juu ni kazi. Kukata ngazi ni kazi. Kufukia shimo baada ya kumaliza ni kazi. Lakini katika bei ya jiwe kazi hizo tatu hazimo. Mnunuzi analipia jiwe peke yake, na zile nyingine analipa mchimbaji kwa uhai wake, na kijiji kwa ardhi yake.

Ndiyo maana tunasema bila kuogopa: bei ya jiwe katika nchi yetu ni bei ya uongo.

WANAOTAKA KUFUKUZA WATU

Wako wengine wanaojifanya wana dawa. Wanasema: wachimbaji wadogo ni wavamizi, waondoshwe, machimbo yafungwe, hapo watu hawatakufa tena. Maneno haya yanapendeza masikioni, lakini yachunguzeni.

Watu hao wakifukuzwa leo, je, mji utaacha kujenga? Mji hautaacha hata siku moja. Lori litakwenda kutafuta mawe mahali pengine, penye kificho zaidi, usiku, ambako hakuna mkaguzi wala diwani. Mtu yule yule atachimba tumbo la ukuta mwingine, na akifukiwa huko habari yake haitafika hata gazetini. Kufukuza mchimbaji bila kusahihisha bei ya jiwe ni kuhamisha kaburi.

Tena wanasahau nani wako pale. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kwa miaka mingi kina mama walijulikana kwa kazi ya kugonga kokoto kwa nyundo, wamekaa juani, watoto mgongoni, vipande vya mawe vikiwarukia machoni. Hao ni wavamizi wa nchi gani? Ni mama zetu. Kokoto zao zimo ndani ya zege la maghorofa ambayo walinzi wake hawawaruhusu hata kupumzika kivulini.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imetenga leseni ya uchimbaji mdogo kwa ajili ya Watanzania. Hiyo ni haki yao. Serikali ya wananchi haiwezi kumpa mtu haki ya kuchimba kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ikamwita mhalifu kwa sababu hana mashine ya kuondoa udongo.

Na wako wa tatu, hawa ni hatari zaidi kwa sababu wanavaa nguo za uzalendo. Wanasema: mkidai usalama, mawe yatapanda bei, na maendeleo ya taifa yatachelewa. Tunawajibu hivi. Mkoloni naye alisema hivyo hivyo juu ya manamba wa mkonge: ukiwaongezea mshahara, taifa litapata hasara. Taifa lake lilikuwa lipi? Sisi kwetu taifa ni watu. Jiwe linalopata urahisi wake kwa kumfukia mwananchi si rahisi; ni ghali kuliko yote, ila mnunuzi hakuonyeshwa hesabu.

BARUTI, VUMBI NA MOTO

Ukuta si adui peke yake. Kuna baruti. Katika machimbo yanayofuata kanuni, tundu la baruti hupimwa, hushindiliwa sawasawa, king'ora hulia, watu huondolewa, na baada ya mlipuko hakuna anayerudi mpaka fundi baruti ahakikishe kwamba hakuna tundu lililokataa kulipuka. Tundu lililokataa ndilo nyoka aliyelala. Mwenye haraka akirudi na mtaimbo wake akaligusa, hatasimulia. Nayo baruti iliyozidi kipimo au iliyoshindiliwa vibaya hurusha mawe mpaka juu ya mapaa ya majirani, na hutikisa nyumba za udongo mpaka zikapasuka. Sheria ya baruti tunayo tangu mwaka 1963. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003. Tatizo si uhaba wa karatasi.

Kuna vumbi. Watu hulidharau kwa sababu haliui siku ile ile. Vumbi la chokaa tupu hukera macho na kifua, lakini mawe mengi yamechanganyika na mchanga, na vumbi la mchanga mgumu likiingia mapafuni halitoki. Linaacha makovu, pumzi inakatika, na kifua kikuu kinapata mlango. Dawa yake inajulikana: maji. Nyunyizeni maji kabla ya kuponda, nyunyizeni barabara ya malori, mpeni mtu kinga ya uso inayofaa, si kitambaa cha kujidanganyia.

Na kuna tanuri la chokaa. Jiwe likichomwa huwa chokaa mbichi, na chokaa hiyo ikikutana na maji huchemka. Ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Tena katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa zinazochomwa, kilo 56 ndizo hubaki kuwa chokaa, na kilo 44 zinapaa kuwa hewa ya ukaa, mbali ya moshi wa kuni. Mahali ambapo kuni hizo ni mikoko, tunachoma mara mbili: jiwe letu, na ukuta wa miti unaozuia bahari isile pwani yetu.

Sasa mtu huyu akiumia, nani anamlipa? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda mwenye mwajiri. Lakini huyu anayelipwa kwa lori, mwajiri wake ni nani? Mwenye lori anasema: mimi nanunua tu. Mwenye leseni anasema: mimi nimemruhusu achimbe tu. Mwenye ardhi anasema: mimi nakusanya changu tu. Wote watatu wanakula kwake akiwa mzima. Akivunjika mguu, ghafla hana ndugu hata mmoja.

SHIMO LINALOBAKI

Mawe yakiisha, malori huondoka. Shimo halina magurudumu, lenyewe linabaki. Mvua inalijaza, watoto wanakwenda kuogelea, na kila mzazi aliye karibu na machimbo ya zamani anajua hofu hiyo. Maji yaliyotuama yanazaa mbu. Nyumba zilizokuwa mbali na ukingo zinajikuta ukingoni, kwa sababu kila masika ukuta unajikata wenyewe na kurudi nyuma.

Na kuna jambo la maji ya visima, ambalo wengi hawaliwazi. Katika pwani yetu maji matamu yaliyo chini ya ardhi yamekaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya maji. Ukichimba jiwe mpaka ukayafikia maji, au ukavuta maji mengi kukausha shimo, chumvi inapanda. Tena jiwe la chokaa lina matundu; halichuji kama mchanga. Mafuta machafu ya mashine yakimwagika shimoni leo, kesho yako njiani kuelekea kisima cha kijiji. Kwa hiyo takataka zikitupwa katika machimbo ya zamani, kama ilivyo desturi mbaya ya miji yetu, ni sawa na kuzitupa katika mtungi wa maji ya kunywa.

Wapo watakaosema shimo la mawe ni ugonjwa usio na dawa. Hao waende Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza mwaka 1954, na kwa miaka kikala ardhi ya pwani mpaka ikabaki sakafu nyeupe ya jiwe, chumvi na jua. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, akaanza kupanda miti pale. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa 3 tu, na iliyoshinda zote ni mvinje, mti ambao kila mtoto wa pwani anaujua. Majani ya mvinje yakaanguka, lakini hayakuoza. Akaletwa jongoo. Ndiyo, jongoo, mdudu tunayemruka njiani. Jongoo akala majani, kinyesi chake kikawa udongo, udongo ukapokea miti mingine, ndege wakaja, samaki wakafugwa katika mabwawa. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa milango waje kutazama msitu mahali palipokuwa jangwa.

Basi ipo dawa. Haikuhitaji miujiza, ilihitaji mtu aliyepewa kazi hiyo na akalipwa kuifanya. Na mwaka 2024 kampuni ya Kitanzania, Amsons, ilikinunua kiwanda hicho cha Bamburi. Kwa hiyo hakuna tena wa kusema kwamba elimu hiyo ni ya Wazungu na iko ng'ambo. Iko mlangoni, nasi ni wenyeji wake.

TUNATAKA NINI

Hatuandiki ili tulie. Tunaandika ili tudai. Na madai yetu ni haya.

Kwanza, kazi ya usalama iingie katika bei. Anayenunua jiwe alipie na udongo uliotolewa juu yake. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa kila lori zitenge sehemu ya fedha hizo zirudi machimboni: kukodi tingatinga la kuondoa udongo kabla ya masika, kununua pampu na kofia ngumu. Mkono unaopokea ushuru asubuhi usikatae kushika chepeo jioni.

Pili, marufuku kuchimba tumbo la ukuta. Panapochimbwa kwa mkono, ngazi isipite kimo cha mtu. Mtu asifanye kazi chini ya mwenzake. Kila machimbo yawe na msimamizi aliyechaguliwa na wachimbaji wenyewe, anayekagua ukuta kila asubuhi na kila baada ya mvua, mwenye uwezo wa kusimamisha kazi bila kuogopa mwenye lori.

Tatu, baruti ishikwe na fundi mwenye kibali tu, na saa ya mlipuko itangazwe kwa majirani.

Nne, dhamana kabla ya shimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalijua neno dhamana. Basi litumike. Mwenye machimbo makubwa aweke fedha za kutibu ardhi kabla hajagusa jiwe la kwanza, si baada ya la mwisho, maana baada ya la mwisho haonekani.

Tano, wachimbaji wadogo waungane katika vyama vya ushirika. Mtu mmoja mwenye nyundo hana bei, anapewa bei. Watu 50 wenye leseni moja, mizani moja na sauti moja wanaweza kumwambia mwenye lori: hii ndiyo gharama ya jiwe lililotoka katika ukuta salama, na kama hutaki, nenda. Ushirika ndio utakaoweza pia kuwakatia bima, kwa kuwa mwajiri wao hajulikani. Wakulima wa kahawa na pamba walifanya hivyo mbele ya macho ya mkoloni. Jiwe si zito kuliko pamba kwa watu walioungana.

Na ninyi wanachama, msingoje barua kutoka juu. Kila tawi lililo karibu na machimbo liende, si siku ya mkutano wa hadhara, bali siku ya kazi. Tazameni ukuta. Ulizeni nani ana leseni, ushuru unakwenda wapi, shimo la zamani litafanywa nini. Andikeni majibu, na kama hakuna majibu, andikeni kwamba hakuna. Yapelekeni kwa diwani, kwa mkaguzi wa migodi, na leteni nakala hapa gazetini. Kiongozi anayekwenda machimboni siku ya mazishi tu, na rambirambi mkononi, mwambieni kwamba amechelewa kwa msimu mmoja wa mvua.

Babu zetu walijenga Kilwa kwa jiwe hili, na kuta zao zimesimama. Hatukubali iwe sisi, wenye Uhuru, wenye wahandisi, wenye sheria zilizopigwa chapa, ndio tusioweza kuzuia ukuta wa machimbo usiwaangukie watu wetu. Nchi hujengwa kwa mawe; haijengwi kwa mifupa ya wanaoyachimba.

Jiwe ni letu. Mchimbaji ni wetu. Na shimo lisibaki kuwa la maskini peke yake.

UHURU NA KAZI!